Robo Mzunguko

Peugeot 404 ya baba, rangi ya maziwa yaliyochacha,
ilikuwa na ulegevu kwenye usukani:
robo mzunguko kushoto, hakuna kitu,
robo mzunguko kulia, hakuna kitu,
ndipo magurudumu yakumbuke kwamba yana bwana.
"Volani iko inacheza kidogo tu," husema baba,
kama mzazi anayemtetea mwanawe kwa mwalimu.

Lakini mwaka huu mvua imeitafuna Katuba,
mitaro imeachama njiani,
nikasema basi.
Nikafungua nati ya katikati, nikavuta.
Usukani ukagoma. Nikautia mafuta, nikalala.
Asubuhi nikaugonga kwa chini na kipande cha gogo,
taratibu, huku na huku,
mpaka ukang'oka kwa mlio wa jino.

Ndani ya lile bomba kulikuwa na miaka.
Grisi imekauka kama ugoro,
waya wa honi umechunika ngozi,
bushi ya juu imelika upande mmoja,
upande alioegemeza mkono
zile safari za Likasi, mhasibu kiti cha nyuma,
mishahara ya watu ndani ya buti.
Na chini ya bushi, kimekunjwa mara mbili,
kipande cha bati la kopo la nyanya,
bado kina wekundu wake.
Nani mwingine angekiweka?
Kumbe alijua. Alijua siku zote.

Beringi nilizipata soko la Njanja,
kwa mama anayeuza na chumvi kwa kikombe.
Alizizungusha sikioni moja moja,
ya tatu akaitupa bila kunieleza.

Bushi alikereza fundi Kaseba,
ambaye kiwanda kilimrudisha nyumbani
na cheti, na mkono mtupu.
Mashine anayo. Umeme ndio mgeni.
Ulikuja saa tisa usiku, akamtuma mtoto aniamshe,
nikamkuta amevaa miwani na kikoi,
shaba ya pampu kuukuu ikizunguka mbele yake,
nyuzi zake zikimwangukia miguuni, za moto.
Akapima kwa kalipa. Akapima kwa ukucha.
Vikapishana, akauamini ukucha.

Jumapili baba akavaa koti.
Nikampa ufunguo, nikakaa kando yake.
Usukani sasa ulikuwa kama neno la mtu mkweli:
ukiugusa, umekwisha.
Tukafika kona ya wauza makala,
mikono yake ikatangulia, kama kawaida,
robo nzima kabla ya kona,
na gari, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe,
likatii pale pale.

Magunia matatu ya Mama Tshilanda.
Hakuumia mtu. Vumbi jeusi juu ya maziwa.
Baba akashuka, akalizunguka gari lake, akanitazama:
"Mmeniharibia gari."

Nililipa makala. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha.
Miaka thelathini na mmoja viganja hivi
vimeliomba gari mapema, vikingoja lisikie.
Ndiyo maana bomba la maji hulifungua mpaka lifurike.
Ndiyo maana hujibu swali
kabla sijafika mwisho wa kuuliza.

Jioni, kwenye bukari, akamega tonge, akalishika.
"Rudisha kidogo."
"Kidogo kiasi gani?"
Akanionyesha kwa kidole gumba na cha shahada
mwanya wa kupitisha jani moja la sombe.
Kisha akaona ni mwembamba, akauongeza.

Sijamjibu.
Kile kibati kimo mfukoni mwa ovaroli.
Nikitafuta spana, kinanikata.